Klabu ya Razgrad na Mfuko wa Mtu Mmoja

Ndugu msomaji, ukiikunjua ramani ya Bulgaria na kuutazama upande wake wa kaskazini-mashariki, kati ya mto Danube na safu ya milima ya Balkan, utaukuta mji mdogo uitwao Razgrad. Wakazi wake ni yapata elfu thelathini, idadi ambayo ukiiingiza yote katika kiwanja cha Real Madrid haitajaza hata nusu ya viti. Si mji wa bandari wala si makao ya serikali. Hata hivyo, kuanzia mwaka 2012 hadi 2025 ubingwa wa ligi kuu ya Bulgaria haukutoka katika mji huu hata msimu mmoja. Mara 14 mfululizo klabu yake, Ludogorets, iliutwaa, huku vigogo wawili wa mji mkuu wa Sofia, CSKA wenye mataji 31 na Levski wenye 26, wakibaki kuhesabu miaka.

Habari hii husimuliwa mara nyingi kama hekaya ya mnyonge aliyewashinda wenye nguvu. Ina ukweli wake, lakini si ukweli wote. Nyuma yake pana swali linalomhusu kila mzazi ambaye mwanawe anayajua majina ya wachezaji kuliko majina ya babu zake, na kila mtu wa mji mdogo mwenye timu anayoiita yake. Timu hiyo hasa ni ya nani? Na mwenye fedha akiondoka, mji unabakiwa na nini?

Tuanze na jina. Eneo linaloizunguka Razgrad Waturuki waliliita Deliorman, yaani msitu wenye wazimu, kwa jinsi ulivyokuwa mnene na mkali. Wabulgaria walilitafsiri jina hilo kwa lugha yao, likawa Ludogorie. Mtu wa Ludogorie huitwa Ludogorets. Hilo ndilo jina la klabu: si jina la kampuni, si la kabila, si la shujaa wa vita. Maana yake ni mwenyeji wa huku, basi.

Na wenyeji wa huku si watu wa namna moja. Katika mkoa wa Razgrad takriban nusu ya watu ni Waturuki, na wengi wao ni Waislamu ambao mababu zao waliishi hapo tangu enzi za dola ya Uthmaniyya. Mjini umesimama msikiti wa Ibrahim Pasha, ambao ujenzi wake ulikamilika mwaka 1616, mmojawapo wa misikiti mikubwa katika nchi za Balkan. Kabla mpira wa miguu haujafika, Deliorman ilisifika kwa mieleka. Koca Yusuf, mwanamieleka aliyezaliwa huko mwaka 1857, alivuma Ufaransa na Marekani mwishoni mwa karne ya 19, na akafa maji mwaka 1898 meli ya La Bourgogne ilipozama alipokuwa akirejea kutoka Marekani.

Wenyeji hao walipitia dhiki ambayo haifai kusahauliwa. Katika majira ya baridi ya 1984 kuingia 1985, serikali ya kikomunisti ya Todor Zhivkov iliwalazimisha Waturuki wa Bulgaria kuyaacha majina yao na kuandikishwa kwa majina ya Kibulgaria. Aliyelala akiitwa Hasan au Fatma akapewa kitambulisho chenye jina ambalo mama yake hakumpa. Kuzungumza Kituruki hadharani kukapigwa marufuku. Mpaka ulipofunguliwa katika kiangazi cha 1989, zaidi ya watu 300,000 walihamia Uturuki kwa muda wa miezi michache tu, wakaacha nyumba, mashamba na makaburi ya wazee wao. Zhivkov alianguka mwezi wa Novemba mwaka huohuo. Baada ya hapo watu waliruhusiwa kurudia majina yao, na baadhi ya waliohama wakarejea makwao.

Lakini nchi nzima ilikuwa imeanza kupungua. Bulgaria ilikuwa na watu karibu milioni 9 mwishoni mwa miaka ya 1980. Sensa ya mwaka 2021 ilikuta takriban milioni 6.5. Vijana waliondoka kwenda kutafuta kazi Ujerumani, Hispania na Uingereza, na aliyebaki akatazama shule zikifungwa na nyumba za jirani zikiota majani mlangoni. Katika hali hiyo, timu ya mpira inayoweza kukusanya watu wa mji mmoja mahali pamoja, Mturuki na Mbulgaria, mzee na mtoto, si jambo dogo. Ndiyo maana nimelitanguliza suala la watu na jina kabla ya suala la magoli.

Klabu yenyewe huuhesabu mwaka 1945 kuwa mwanzo wake. Kwa zaidi ya miongo sita ilizunguka katika madaraja ya chini, ikapitia misukosuko ya kuvunjika na kuundwa upya, na hata siku moja haikuigusa ligi kuu. Mwaka 2010 akatokea mfanyabiashara Kiril Domuschiev, ambaye kampuni yake ya Huvepharma hutengeneza dawa za mifugo, akaichukua klabu ilipokuwa daraja la pili. Chini ya kocha Ivaylo Petev, mwaka 2011 Ludogorets ilipanda ligi kuu kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Timu iliyopanda kwa kawaida huomba isishuke tu. Hii haikuomba hivyo. Siku ya mwisho ya msimu, tarehe 23 Mei 2012, CSKA walikwenda Razgrad wakiwa kileleni mwa msimamo, na Ludogorets walihitaji ushindi. Miroslav Ivanov alifunga bao pekee la mchezo huo, na taji likabaki mjini. Wiki moja kabla yake walikuwa wamelinyakua Kombe la Bulgaria kwa kuwafunga Lokomotiv Plovdiv mabao 2 kwa 1, na baadaye wakaongeza Kombe la Super. Makombe matatu katika msimu wa kwanza wa ligi kuu!

Kisha ukaja usiku ambao mpaka leo hutajwa popote panapozungumzwa habari za mpira na maajabu yake. Tarehe 27 Agosti 2014, Ludogorets walikuwa wakiwania kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya dhidi ya Steaua ya Bucharest. Mchezo wa kwanza huko Romania walikuwa wamefungwa 1 kwa 0. Katika mchezo wa marudiano dakika tisini zilikuwa zinamalizika bila bao, ndipo Wanderson, Mbrazili, alipopiga shuti lililosawazisha matokeo ya jumla. Muda wa nyongeza ukaingia. Dakika ya 119 mlinda mlango Vladislav Stoyanov akatolewa kwa kadi nyekundu, na timu ilikuwa imekwisha kutumia nafasi zote tatu za kubadilisha wachezaji. Langoni hapakuwa na mtu.

Akajitokeza beki, Cosmin Moți, naye mwenyewe Mromania, aliyewahi kuichezea Dinamo Bucharest, mahasimu wa jadi wa Steaua. Akavaa jezi ya kipa na glavu. Alipiga penalti ya kwanza ya timu yake akafunga, kisha akageuka akaenda kusimama golini. Akaokoa mikwaju miwili, ukiwamo wa mwisho, na Ludogorets wakapita kwa penalti 6 kwa 5. Leo jukwaa moja la kiwanja chao lina jina lake.

Katika makundi walipangwa na Real Madrid, Liverpool na Basel ya Uswisi. Hawakwenda kupigwa picha tu. Anfield, Liverpool waliokolewa na penalti ya Steven Gerrard katika dakika za majeruhi, matokeo yakawa 2 kwa 1. Real Madrid waliokuwa mabingwa wa Ulaya walitanguliwa kufungwa na Marcelinho kabla ya kushinda 2 kwa 1. Basel walifungwa 1 kwa 0, na Liverpool katika mchezo wa marudiano wakatoka sare ya 2 kwa 2. Hata kabla ya hapo, mwanzoni mwa mwaka huo wa 2014, Lazio ya Roma ilikuwa imetolewa na kijiklabu hiki katika Ligi ya Europa. Mwaka 2016 wakarudi tena Ligi ya Mabingwa, wakaumizwa 6 kwa 0 na Arsenal huko London, lakini wakatoka sare ya 2 kwa 2 na Paris Saint-Germain mjini Paris.

Sasa tuulize: mji wa watu elfu thelathini uliyapataje haya? Jibu si muujiza. La kwanza ni fedha ya mwenye klabu, iliyolipa mishahara ambayo klabu nyingi za Bulgaria, zenye madeni shingoni, hazikuweza kuilipa kwa wakati. La pili ni jicho la kununua. Wachezaji walitafutwa Brazil, Uholanzi, Romania na Afrika, wakiwa bado bei nafuu, wakakuzwa, na baadhi wakauzwa kwa faida. Jody Lukoki, mzaliwa wa Kinshasa aliyelelewa Uholanzi, aliichezea timu hii kwa miaka kadhaa kabla ya kufariki mwaka 2022. Bernard Tekpetey wa Ghana naye akafuata njia hiyohiyo. Marcelinho, Mbrazili, alikaa mpaka akapata uraia na kuichezea timu ya taifa ya Bulgaria.

La tatu ndilo lenye uzito zaidi, nalo ni mduara wa fedha za Ulaya. Klabu inayoingia makundi ya mashindano ya Ulaya hulipwa fedha ambazo katika ligi ya nchi ndogo hazipatikani popote pengine. Bingwa wa mwaka huu hupata fedha hizo, hununua wachezaji bora kuliko wenzake, na mwaka ujao huwa bingwa tena. Aliye mbele huzidi kwenda mbele, na aliye nyuma huachwa kwa mwendo uleule. Basi mnyonge wa mwaka 2012 hakubaki mnyonge. Kufika mwaka wa tano au wa sita alikuwa yeye ndiye tajiri, na wanyonge walikuwa wale wengine.

Mwenye kutaka kulaumu hakosi la kusema. Ataona kwamba katika kikosi cha kwanza vijana waliozaliwa Ludogorie ni wachache mno kulinganisha na wageni. Ataona pia kwamba michezo mikubwa ya Ligi ya Mabingwa, ya mwaka 2014 na ya 2016, haikuchezwa Razgrad bali Sofia, zaidi ya kilomita 300 kutoka nyumbani, kwa kuwa kiwanja cha mji hakikuwa kimefikia masharti. Lakini mwenye kutetea naye ana hoja. Kiwanja hicho, kinachoitwa Huvepharma Arena na kinachochukua watu elfu kumi na kidogo, kimejengwa upya jukwaa kwa jukwaa mpaka michezo ya Ulaya ikaanza kuchezwa hapohapo mjini. Pamejengwa kituo cha mazoezi na akademia ya vijana. Hayo ni majengo, na majengo hayabebwi begani.

Ili tulielewe vizuri swali letu, twende magharibi kidogo, katika mji wa Lovech, nao ni mji mdogo wa ukubwa unaokaribiana na Razgrad, unaojulikana kwa daraja lake la mbao lenye paa na vijiduka ndani, juu ya mto Osam. Mwaka 1996 mfanyabiashara wa mafuta, Grisha Ganchev, aliichukua klabu ya mji huo, nayo ikaitwa Litex kwa jina la kampuni yake. Mwaka 1997 ikapanda ligi kuu, na mwaka 1998 ikawa bingwa wa Bulgaria katika msimu wake wa kwanza baada ya kupanda. Naam, njia ambayo Ludogorets walipita mwaka 2012, Lovech walikuwa wameipita miaka 14 kabla yao. Wakautwaa ubingwa tena mwaka 1999, 2010 na 2011, pamoja na vikombe vinne vya taifa.

Mwisho wake ulikuja kwa ghafla. Desemba 2015, Litex ilipokuwa ikicheza na Levski, mwamuzi aliwatoa wachezaji wawili wa Litex kwa kadi nyekundu na kuwapa wapinzani penalti. Uongozi wa klabu ukaamuru timu itoke uwanjani, na haikurudi. Shirikisho likaiondoa katika ligi kuu. Ganchev wakati huo alikuwa amekwisha kuingia CSKA, klabu kubwa ya Sofia iliyokuwa imezamishwa na madeni. Katika kiangazi cha 2016 kampuni ya klabu ya Lovech ikahamishiwa mji mkuu na kugeuzwa jina kuwa CSKA-Sofia. Nafasi iliyokuwa ya Lovech ikawa ya Sofia. Watu wa Lovech walibaki na kiwanja na daraja lao, wakaanza kuunda timu upya kutoka daraja la tatu.

Hapa ndipo wahenga waliposema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hakuna aliyeiba kitu usiku. Kila karatasi ilikuwa na sahihi. Mwenye mali aliichukua mali yake akaipeleka alikoona pana faida zaidi, na sheria haikumzuia, kwa kuwa mji ulikuwa na mapenzi tu, na mapenzi hayaandikwi katika daftari la hisa.

Wala mtu asijidanganye kwamba wingi wa mataji ni kinga. Skonto, klabu ya Riga nchini Latvia, ilitwaa ubingwa wa nchi yake mara 14 mfululizo, kutoka 1991 hadi 2004, idadi ileile waliyofikia Ludogorets. Mwaka 2016 ikafilisika na kutoweka. Makombe hayakuilipia deni lake hata moja.

Simsemi Domuschiev kwa ubaya. Mtu aliyeukuta mji unapungukiwa na vijana, akaufanya utajwe Madrid na Liverpool, amefanya jambo ambalo wengi wenye fedha kama zake hawakulifanya. Wengine hununua jahazi la anasa wakatia nanga mbali na watu. Ninachosema ni kwamba wema wa mtu mmoja, hata ukiwa mkubwa kiasi gani, una umri kama umri wake. Huzeeka, huchoka, huvutwa na mambo mengine, na akifa warithi wake huenda hawaupendi mpira kabisa.

Wazee wetu walilijua tatizo hili, na walilitafutia dawa inayoitwa wakfu. Mtu alitoa nyumba, shamba au kisima, akakifunga kwa namna ambayo yeye mwenyewe hakuweza tena kukiuza, wala mwanawe kukirithi, na pato lake likaenda kwa wale aliowakusudia. Msikiti, madrasa na visima katika miji ya Uthmaniyya, Razgrad ikiwa mmojawapo, vilijengwa kwa desturi hiyo. Wakfu nao haukusalimika daima. Serikali ziliunyang'anya, na wasimamizi wasio waaminifu waliula. Lakini makusudio yake yalikuwa kumtenganisha mfadhili na kile alichokitoa, ili kitu kisimame baada yake. Klabu ya Lovech haikuwa na kitu cha namna hiyo, ndiyo maana iliweza kupakiwa na kuondoka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, timu ya mtaa wako itakapopata mfadhili, mshukuruni kwa dhati, kisha mkae naye chini mapema, siku za furaha, kabla ya siku za ugomvi. Kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani? Jina na nembo ya timu ni mali ya nani? Je, timu inaweza kuhamishwa bila ya wanachama kuulizwa? Watoto wanaofundishwa leo watafundishwa na nani mfuko wa mfadhili ukifungwa? Haya si maswali ya utovu wa adabu. Mfadhili mwenye nia njema hufurahi kuulizwa, kwa kuwa naye hapendi kazi yake izikwe pamoja naye.

Na kijana wako nyumbani anapokusimulia habari za usiku wa Moți, usimkatize. Msikilize mpaka mwisho, kwa kuwa beki aliyekwenda kusimama golini bila kuwa kipa ana la kumfundisha kuhusu kuubeba mzigo pale ambapo hakuna mwingine wa kuubeba. Halafu msimulie habari za Lovech. Mwambie kuwa jina la Litex lilikuwa la kampuni, na jina la Ludogorets ni la nchi yenye msitu, misikiti, makanisa na watu waliowahi kunyang'anywa majina yao wenyewe. Kama klabu hiyo itadumu baada ya mwenyewe kuondoka, itategemea iwapo watu wa Razgrad, wa dini zote mbili, watakuwa wamepewa sehemu ya kuishika, au wameachiwa viti vya kukaa na kupiga makofi tu. Jambo hilo halijaamuliwa bado. Watoto wanaofanya mazoezi jioni katika akademia ya mji huo ndio watakaoliona jibu lake.